Behewa Bora Hukaguliwa Chini Kwanza

Treni ndogo za mfano, zile zinazotembea kwa umeme juu ya meza au ndani ya chumba kilichotengwa kwa kazi hiyo, huuzwa kwa sura ya kichwa cha treni. Kichwa ndicho kinachowekwa mbele dukani, ndicho kinachopigwa picha, na ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya fedha za mnunuzi. Mabehewa hufuata baadaye, na mara nyingi huchaguliwa kwa rangi tu. Hapo ndipo wengi wanapopata hasara. Behewa la kawaida lina boji mbili, yaani fremu ndogo za magurudumu zilizo chini yake, ekseli nne na magurudumu manane. Treni ya mabehewa 20 inakokota basi magurudumu 160, na gurudumu moja lililokaa vibaya linatosha kuiangusha kwenye kona. Kichwa kizuri hakiwezi kuiokoa treni ya mabehewa mabovu, ilhali mabehewa mazuri hutembea vyema hata nyuma ya kichwa cha bei nafuu.

Kabla ya kuzungumzia ubora kuna suala la skeli, yaani uwiano kati ya behewa dogo na lile halisi, kama skeli ya ramani. Iliyoenea zaidi duniani ni HO, ambayo ni 1:87. Behewa halisi la abiria lenye urefu wa mita 26.4 linakuwa na sentimita 30 hivi. Skeli ya N, yenye 1:160, inawafaa wenye nafasi finyu, na Z, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972, ni 1:220. Zilizo kubwa ni kama O, ambayo kwa kawaida ni 1:48 Marekani, 1:45 Ujerumani na 1:43.5 Uingereza, na zile za bustanini kama LGB ya 1:22.5.

Skeli ni jambo moja na upana wa reli ni jambo jingine, na anayeanza huvichanganya kwa urahisi. HO hutembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Waingereza nao wana skeli yao ya OO, 1:76, inayotumia reli hiyo hiyo ya milimita 16.5. Behewa la OO litaingia kwenye reli ya HO na kutembea bila shida, lakini likiunganishwa na behewa la HO litaonekana limevimba, kwa kuwa limezidi kwa asilimia 14 kila upande. Alama ya skeli kwenye boksi isomwe kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Reli za Afrika Mashariki zinalionyesha jambo hili vizuri. Reli ya zamani kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kulifikia Ziwa Victoria mwaka 1901, ina upana wa mita moja. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina milimita 1,067, na SGR, reli mpya ya kisasa, ina milimita 1,435. Vipimo hivyo vikigawanywa kwa 87, jibu ni milimita 11.5, 12.3 na 16.5. Behewa la SGR basi linakaa kwenye reli ya kawaida ya HO, lakini la reli ya mita moja au la TAZARA linahitaji reli ya milimita 12, ijulikanayo kama HOm. Soko la HOm limejaa treni za milima ya Uswisi, hasa kutoka kampuni ya Bemo ya Ujerumani. Mtu anayetaka kuona treni ikivutwa na Garratt ya daraja la 59, yale majitu ya mvuke yaliyotengenezwa na Beyer Peacock mjini Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kwa kawaida atalazimika kuyaunda mabehewa yake mwenyewe, kwa mkono au kwa printa ya 3D, na kuyavalisha boji za watengenezaji wengine. Kwa bahati nzuri, mfano wa kupimia kichwa chenyewe upo: Garratt iitwayo Mount Gelai imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Jambo la mwisho la ulinganifu ni umeme. Kwenye mifumo mingi, reli ya kushoto na ya kulia hubeba ncha mbili tofauti za umeme, hivyo gurudumu moja la kila ekseli lazima litengwe na mwenzake kwa plastiki. Märklin hutumia mfumo wa peke yake katika HO: reli zote mbili ni ncha moja, na ncha ya pili imo katikati ya njia. Magurudumu ya mabehewa yake hayakutengwa. Yakiwekwa kwenye mfumo wa reli mbili, ni shoti papo hapo. Viwanda kadhaa vya Ulaya huuza behewa moja kwa matoleo mawili, au huuza magurudumu ya kubadilishia, na muuzaji anayeijua kazi yake atauliza mfumo wa mteja kabla ya kufungua boksi.

Behewa likishalingana na reli, ligeuzwe juu chini. Ubora wake mwingi uko huko, kwenye magurudumu. Ya plastiki hupunguza bei ya kutengeneza, lakini hukusanya uchafu mweusi kwenye uso wake na kuusambaza kwenye reli yote, mpaka vichwa vianze kusitasita kwa kukosa umeme. Ya chuma hubaki safi kwa muda mrefu zaidi na huteremsha uzito wa behewa chini, mahali unapotakiwa. Pia hutoa mlio halisi yanapovuka maungio ya reli, na kwa wapenzi wengi mlio huo peke yake unatosha kuwa sababu ya kuyanunua.

Ekseli nzuri haina mwisho butu. Kila upande umechongwa ncha kali kama ya sindano, na ncha hiyo hukaa ndani ya kishimo chenye umbo la pia kwenye fremu ya boji. Kinachogusana ni ncha tu, hivyo msuguano ni mdogo sana, hasa fremu ikiwa ya plastiki ngumu na telezi aina ya asetali. Kuipima ni rahisi. Behewa likiwa limeshikwa juu chini, gurudumu husukumwa kwa kidole. La ubora huzunguka sekunde kadhaa na kupunguza mwendo taratibu. Baya husimama ghafla. Ekseli isukumwe pia kushoto na kulia: inatakiwa icheze kidogo sana. Isipocheza kabisa, fremu imeibana. Ikicheza mno, behewa litayumba njiani.

Kipimo cha pili huhitaji kipande cha reli cha mita moja juu ya ubao ulionyooka. Ncha moja ya ubao huinuliwa sentimita mbili, yaani mteremko wa asilimia mbili, na behewa huwekwa juu bila kusukumwa. Lililo zuri huanza kuteremka lenyewe. Lisilotembea lina magurudumu machafu, ekseli zilizobanwa au boji iliyopinda, na likiwa la kumi kwenye treni litakuwa mzigo wa kudumu kwa mota ya kichwa. Wengine hukimbilia kutia mafuta. Kwenye fremu za asetali mafuta hunasa vumbi na kuongeza tatizo, kwa hiyo ikibidi kulainisha, unga mkavu wa grafiti ndio unaofaa.

Kisha nafasi kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja hupimwa. Kwa HO, migongo ya magurudumu inatakiwa kuachana karibu milimita 14.4. Yakikaribiana zaidi, hugonga na kuruka kwenye njia panda za reli. Yakiachana zaidi, hubana kwenye kona. Kalipa ya kawaida inatosha, lakini wengi hutumia kibati cha kupimia kinachotolewa na NMRA, chama cha wapenzi wa treni ndogo kilichoanzishwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1935. Kibati hicho kina pengo la kila kipimo: gurudumu likiingia sawasawa limefaulu, lisipoingia halijafaulu. Magurudumu mengi ya chuma yanaweza kusogezwa kwenye ekseli kwa kuzungushwa huku yakivutwa taratibu, hivyo behewa lenye kosa hilo halina sababu ya kutupwa.

Ukingo wa gurudumu, ule unaoshuka ndani ya reli, nao una kanuni yake. NMRA ina umbo linaloitwa RP-25, ambalo kwa HO lina ukingo wa kina cha milimita 0.6 hivi na mkunjo laini unaolirudisha gurudumu katikati ya reli linapopotoka. Mabehewa ya zamani ya bei nafuu yalikuwa na kingo zinazozidi milimita moja. Kwenye reli nene za zamani yalitembea vizuri, ila kwenye reli za kisasa zenye kimo kidogo kingo hizo hugonga vishikizo vya reli na kutoa mlio wa kukwaruza mwanzo hadi mwisho. Upana wa gurudumu hutajwa kwa namba ya elfu za inchi: 110 ni milimita 2.8 na 88 ni milimita 2.2. Gurudumu halisi la milimita 140 likigawanywa kwa 87 lingekuwa na milimita 1.6 tu, kwa hiyo namba 88 hupendeza zaidi kwa macho. Lakini kwenye njia panda zenye mapengo mapana huzama na kuruka. Kwa anayetumia njia panda za kawaida za dukani, 110 ni chaguo la amani zaidi.

Baada ya magurudumu ni uzito. Behewa jepesi mno huinuliwa na kasoro ndogo ya reli, na kwenye kona linaweza kuvutwa hadi likaanguka upande wa ndani: kichwa kinavuta mbele, mabehewa mazito yanagoma nyuma, na lile jepesi la katikati linanyooshwa kama uzi uliokazwa. Behewa zito mno nalo hula nguvu za kichwa bure, hasa mlimani. NMRA hupendekeza kwa HO wakia 1 ya kuanzia na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu wa behewa, yaani gramu 28, kisha gramu 5.6 hivi kwa kila sentimita. Behewa la sentimita 15 basi linatakiwa kuwa na gramu 112 hivi, na la abiria la sentimita 30 gramu 196 hivi. Kwa skeli ya N ni gramu 14 za kuanzia na gramu 1.7 hivi kwa kila sentimita. Mizani ndogo ya jikoni hutoa jibu mara moja.

Mabehewa mengi ya dukani yana upungufu, na hilo halina aibu kwa kuwa kuongeza uzito ni kazi rahisi. Nati za chuma au vipande vya bati nene hugandishwa kwa gundi sakafuni, chini kadiri inavyowezekana na kwa usawa juu ya boji zote mbili. Risasi ni nzito na hukatika kwa urahisi, lakini ni sumu, hivyo ni bora iepukwe, hasa nyumbani mwenye watoto. Mabehewa tambarare na ya kubebea magogo ndiyo magumu, maana hayana mahali pa kuficha uzito. Watengenezaji makini hulitatua hilo kwa kuunda sakafu yote kwa chuma, na mnunuzi anayeliona behewa tambarare lenye sakafu ya plastiki tupu ajue kuwa litamsumbua. Muhimu kuliko gramu zenyewe ni usawa: treni ambayo kila behewa lina uzito unaolingana na urefu wake hutembea vizuri kuliko treni yenye machache mazito na mengi mepesi.

Namna boji zilivyofungwa haionekani kwenye picha za matangazo, lakini ndiyo huamua kama behewa litaifuata reli isiyo tambarare kabisa. Boji moja inatakiwa igeuke kushoto na kulia bila kuinama pembeni, na ya pili iwe huru kugeuka na pia kuinama kidogo. Hivyo behewa husimama mithili ya kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Boji zote mbili zikikazwa, gurudumu moja litaning'inia hewani kila reli inapopinda. Zote mbili zikilegezwa, behewa litapepesuka. Skrubu za boji ni bora kuliko vijiti vya plastiki vya kuchomeka, kwa sababu zinaweza kurekebishwa robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Viunganishi ndivyo vinavyowagawa wapenzi wa treni ndogo kuliko jambo lolote. Treni halisi za Marekani hutumia kiunganishi chenye umbo la ngumi iliyokunja vidole, wazo ambalo Eli Janney alilipatia hataza mwaka 1873. Katika HO, umbo hilo lilienezwa na kampuni ya Kadee, ambayo jina lake linatokana na herufi za kwanza za Keith na Dale Edwards, ndugu wa jimbo la Oregon. Viunganishi vyao vya chuma hujifunga vinapogongana na hufunguka juu ya sumaku iliyofichwa kati ya reli, bila mkono wa mtu kugusa behewa. Wengine wengi wameiga umbo hilo kwa plastiki. Tofauti haionekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya miezi, springi ya plastiki inapochoka na treni ndefu kuanza kukatika katikati ya mlima. Kwa treni fupi plastiki inatosha, lakini anayepanga mabehewa 20 au 30 asisite kulipia chuma.

Kiunganishi kizuri kilichofungwa kwa kimo kibaya hakina kazi. Kwa HO ya Marekani, kitovu chake kinatakiwa kuwa karibu milimita 9.9 juu ya reli. Kikizidi au kupungua hata kwa nusu milimita, behewa moja litapanda juu ya jingine kwenye mwinuko na kuachana. Kadee huuza kipimo kidogo cha kusimamisha relini, na washa nyembamba za kuweka chini ya behewa humaliza tatizo.

Ulaya, mabehewa mengi ya kisasa yana mfuko sanifu wa kiunganishi unaofuata kanuni ya NEM 362. Kiunganishi huchomolewa na kuchomekwa kingine bila bisibisi. Kwenye mabehewa bora mfuko huo hushikwa na mtambo mdogo unaorefuka kwenye kona na kufupika kwenye reli iliyonyooka, hivyo mabehewa ya abiria hukaribiana hadi kugusana pale reli inaponyooka, bila kubanana kwenye kona. Ni ufundi wa hali ya juu, na mtu akishauona ukifanya kazi huona dosari kubwa katika mapengo ya treni za zamani.

Kuna swali pia la mahali kiunganishi kilipofungwa: kwenye mwili wa behewa au kwenye boji. Kwenye boji, behewa hupita kona kali kwa urahisi linapovutwa. Linaposukumwa kinyumenyume, nguvu yote huiendea boji, huigeuza pembeni, na behewa huacha reli. Uwanja wenye shughuli nyingi za kupanga mabehewa unahitaji viunganishi vilivyofungwa kwenye mwili.

Ukali wa kona huamua urefu wa behewa. Kanuni ya wenye uzoefu ni kuwa nusu kipenyo cha kona kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa refu zaidi. Behewa la mizigo la futi 40 lina sentimita 14 katika HO, hivyo linatosheka na kona ya sentimita 45.7, ambayo ndiyo huja na seti nyingi za Kimarekani. Behewa la abiria la futi 85 linakaribia sentimita 30 na linadai kona ya sentimita 90. Kwa kona ya sentimita 45.7 litaacha reli, na hata lisipoacha, ncha zake zitatokeza nje kwa namna isiyopendeza. Viwanda vya Ulaya vilizoea kuyafupisha mabehewa ya abiria: lile la mita 26.4 liliuzwa kwa sentimita 28.2, au hata 26.4, badala ya 30.3. Mafupi hayana ubaya wowote kwenye uwanja mdogo. Ubaya huja yanapochanganywa na ya urefu kamili kwenye treni moja, kwa kuwa madirisha hayalingani na jicho huligundua hilo mara moja.

Sasa behewa linaweza kugeuzwa na kutazamwa juu. Mfano mzuri wa kulinganishia ni PS-1, behewa la mizigo lililofungwa pande zote, ambalo kiwanda cha Pullman-Standard cha Marekani kilianza kulitengeneza mwaka 1947 na kutoa zaidi ya 100,000. Kwa wingi huo lilionekana kwenye karibu kila treni ya mizigo ya nchi hiyo, na viwanda kadhaa vimeliunda katika HO, Kadee ikiwa miongoni mwao. Kwenye modeli ya bei ya chini, ngazi na vishikio ni michoro tu iliyoinuka kwenye ukuta wa plastiki. Kwenye ile nzuri, kila ngazi ni kipande cha peke yake kilichosimama mbali na ukuta, hivyo mwanga hupita nyuma yake na kuacha kivuli. Ubao wa kutembelea juu ya paa una matundu halisi. Gurudumu la breki la mkono ni jembamba, na chini ya sakafu kuna silinda ya breki, tangi la hewa na vali, vikiwa vimeunganishwa kwa mabomba.

Unene ndio mzani wa kazi hiyo. Pao halisi la ngazi lenye milimita 19 linatakiwa kuwa na milimita 0.22 katika HO. Plastiki ya unene huo hukatika ikiguswa tu, ndiyo maana watengenezaji huongeza unene kidogo au hutumia waya. Hapa mnunuzi aamue kwa uaminifu jinsi behewa litakavyotumika. Litakalokaa kwenye kabati la kioo linastahili kila kishikio. Litakaloshikwa na watoto, au kufungashwa kila wiki kupelekwa kwenye maonyesho, linafaa zaidi likiwa na ngazi zilizoungana na ukuta, na uamuzi huo haulishushi hadhi.

Rangi ipimwe kwa kioo cha kukuzia. Iwe nyembamba kiasi cha kuacha kila ribiti ionekane. Herufi halisi ya sentimita 5 inakuwa na milimita 0.6, na kwenye kazi nzuri bado husomeka. Mahali herufi zinapovuka mabonde na matuta ya ukuta ndipo penye mtihani, kwa kuwa mashine dhaifu ya kuchapa huacha mapengo ndani ya mabonde. Nyeupe juu ya kahawia iwe nyeupe kweli, si ya waridi.

Maandishi hayo pia yana tarehe, na tarehe lazima ikubaliane na umbo. Kuanzia mwaka 1966, mabehewa mapya ya aina ya PS-1 nchini Marekani hayakuhitajika tena kuwa na ubao wa juu ya paa, na kwenye yale ya zamani ubao huo uliondolewa hatua kwa hatua. Modeli yenye tarehe ya kutengenezwa ya 1972 na ubao juu ya paa kwa kawaida ni kosa la kiwanda, hata ikiwa imepakwa rangi kwa ustadi. Wapenzi wa treni ndogo wa bara la Ulaya hurahisisha jambo hili kwa kugawa historia ya reli katika vipindi vya I hadi VI, na namba ya kipindi huandikwa kwenye boksi. Kwa Afrika Mashariki, mpaka ulio wazi zaidi ni mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli ya pamoja kugawanywa kati ya Kenya, Tanzania na Uganda. Behewa lenye jina la shirika la pamoja halina nafasi nyuma ya kichwa kipya cha miaka ya 1990.

Mengi ya mabehewa haya ni ya plastiki ya kawaida ya polistirini, nayo hudumu miongo mingi yasipoanikwa juani. Shaba ya manjano ni ghali, nzito na huungwa kwa mkono, hivyo hununuliwa zaidi na wakusanyaji. Hatari ya kweli imo kwenye aloi ya zinki iliyomiminwa. Zinki ikichanganyika na uchafu wa risasi wakati wa kuyeyushwa, huanza kuoza kutoka ndani: sehemu huvimba, hupinda, hupasuka nyufa ndogo, na mwishowe hubomoka kwa kidole. Ugonjwa huo uliziharibu treni nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini umeonekana pia kwenye modeli za miaka ya 2000. Hauna tiba. Anayenunua behewa lililotumika aiangalie fremu kwa upande, kama seremala anavyoangalia ubao, na akiona imejipinda au ina nyufa, alirudishe mezani bila kujali bei.

Kasoro nyingine za mabehewa yaliyotumika ni rahisi kuzikubali. Magurudumu hubadilishwa, viunganishi hubadilishwa, uzito huongezwa. Mabehewa ya kuunganisha nyumbani ambayo Athearn iliyauza kwa miongo mingi katika maboksi ya bluu bado yanapatikana kwa bei ndogo. Ngazi zake ni za kuungana na ukuta, lakini mwili wake ni imara, na yakipewa magurudumu ya chuma na viunganishi vya Kadee hutembea sawa na mabehewa ya bei kubwa. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya hewani hushambulia ekseli za chuma, hivyo behewa lililokaa muda mrefu Mombasa, Tanga au Unguja likaguliwe kutu kwenye ncha za ekseli kabla ya kuwekwa relini.

Taa za ndani kwenye mabehewa ya abiria huvutia sana usiku, ila huchukua umeme kupitia vibati vinavyogusa ekseli, na vibati hivyo ni breki ndogo. Treni ya mabehewa manane yenye taa inaweza kukishinda kichwa kinachovuta kumi yasiyo na taa. Mtindo ulio bora huchukua umeme kwenye ncha za ekseli na kutumia taa za LED zenye kapasita ya kuzuia kumetameta.

Anayeanza anunue behewa moja kabla ya kununua seti ya mabehewa sita. Alipime uzito, alizungushe magurudumu, aliendeshe mbele na nyuma kupitia kona kali zaidi na njia panda zote za uwanja wake, likivutwa na likisukumwa. Likiacha reli mara mbili mahali pamoja, tatizo ni reli. Likiacha reli mahali tofauti tofauti, tatizo ni behewa, na muuzaji mwaminifu atalipokea.